Holseli ya nyumba Texas: nina dola 4,000, naanzia wapi?

Mtoka_Tanga

Wakuu, heshima kwenu, na dada zangu pia.

Nipo Fort Worth, Texas. Nina grini kadi, kazi yangu ni ya ghalani usiku, kwa hiyo mchana napata saa tatu hivi za kuzunguka. Nataka kuingia holseli ya nyumba: unafunga mkataba na mwenye nyumba anayetaka kuuza haraka, kisha unamhamishia mkataba huo mnunuzi mwenye pesa taslimu, wewe unabaki na tofauti. Mtaji wangu ni dola 4,000.

Video nyingi zinadai huhitaji hata senti moja. Hilo siliamini. Naomba kueleweshwa bei ya kumpa mwenye nyumba inapatikanaje bila kubahatisha, mkataba uweje ili nisijifunge mwenyewe, na sheria ya Texas inasemaje kwa mtu asiye na leseni ya uwakala. Atakayenionyesha pa kuwapata wauzaji nitamshukuru zaidi.

Hesabu_Kwanza

Karibu mkuu. Tuanze na sheria maana ndiyo fupi. Texas unaruhusiwa bila leseni kuuza haki yako iliyomo ndani ya mkataba. Kuuza nyumba ya mtu mwingine huruhusiwi. Kifungu 1101.0045 cha sheria ya leseni za kazi kinataka mnunuzi aelezwe wazi kwamba unachouza ni maslahi yako ya kimkataba, na kifungu 5.086 cha sheria ya mali kinataka aambiwe kabla hajafunga mkataba kwamba wewe huna hati ya nyumba hiyo. Ukinyamaza, umeshafanya udalali bila leseni. Kwa hiyo tangazo la "Nyumba inauzwa, vyumba vitatu, karibu na shule" ni kesi inayokusubiri. Andika "Nahamisha mkataba wa kununua nyumba, mimi si mmiliki". Mwenye nyumba naye mwandikie hivyohivyo, ndani ya mkataba wenyewe, kwamba unaweza kuuhamisha kwa mtu mwingine kwa faida. Akijua mapema hana la kulalamikia siku ya mwisho.

Usichukue ushauri wa jimbo jingine ukauleta hapa. Illinois tangu 2019 ukifanya zaidi ya dili moja ndani ya miezi 12 unahitaji leseni. Oklahoma, majirani zako hapo juu, walibana mwaka 2021, South Carolina 2024, na Pennsylvania wanataka leseni tangu Januari 2025. Anayekufundisha kutoka Philadelphia anaongea habari za kwake.

Sasa bei. Hapa ndipo wengi wanapozama, maana wanaanza na bei anayoitaka muuzaji. Anza na mwisho: nyumba ikishakarabatiwa vizuri, itauzwa ngapi mtaani hapo? Kanuni ya kawaida ni hii: thamani baada ya ukarabati mara asilimia 70, toa gharama za ukarabati, toa ada yako. Kinachobaki ndicho kiwango cha juu cha kumpa mwenye nyumba.

Chukua nyumba ya futi za mraba 1,300 ambayo ikikarabatiwa itauzwa dola 240,000. Asilimia 70 ni 168,000. Ukarabati wa wastani tuukadirie dola 35 kwa futi, yaani 45,500. Inabaki 122,500. Ada yako tuseme 10,000. Huvuki dola 112,500 hata muuzaji akulilie.

Ile asilimia 30 si faida tupu ya mnunuzi wako, na ukilijua hili utajadiliana naye kama mtu mzima. Akinunua kwa 122,500 na kukarabati kwa 45,500, ameweka 168,000. Akiuza, mawakala watamla asilimia 5 hadi 6, kama 13,000. Gharama za kufunga mauzo, kununua na kuuza kwa pamoja, kama 6,000. Mkopo wa muda mfupi wa dola 150,000 kwa riba ya asilimia 11 miezi sita ni 8,250, na ada ya awali ya asilimia 2 ni 3,000. Kodi ya nyumba, bima, maji na umeme kwa nusu mwaka, weka 5,000. Hapo zimeshakwenda kama 35,000 na anabakiwa na 37,000 hivi, kabla fundi hajamletea lile la "bosi, tumefungua ukuta tumekuta kingine". Ukimpandishia bei kwa 15,000 umemchukulia karibu nusu ya faida. Hatabishana nawe. Atanyamaza tu na simu zako hatapokea tena.

Thamani ya mwisho inatokana na mauzo ya kulinganisha: nyumba zilizouzwa ndani ya miezi sita, miezi mitatu ikiwezekana, zisizozidi nusu maili, ukubwa usipishane zaidi ya asilimia 15 hadi 20, umri unaokaribiana, na zote ziwe zimekarabatiwa. Usivuke barabara kuu. Upande huu wa I-35W na upande ule ni soko mbili tofauti hata kama ramani inaonyesha robo maili. Njia ya reli na mpaka wa shule vilevile.

Tatizo lako la Texas ni kwamba bei za mauzo hazitangazwi hadharani. Zile namba za ofisi ya uthamini ya kaunti, Tarrant Appraisal District kwa upande wako, ni makadirio ya kodi, na makadirio ya tovuti za nyumba nayo ni kubahatisha kwa kompyuta. Bei halisi zimo kwenye mfumo wa mawakala, MLS. Tafuta wakala mmoja mwenye leseni akutolee orodha ya nyumba zilizouzwa. Nawe mpelekee wauzaji ambao nyumba zao ni nzima na wana muda wa kusubiri. Hao si wa holseli hata kidogo, waende sokoni wapate bei kamili. Usimwombe mgao wa kamisheni, haruhusiwi kumlipa asiye na leseni.

Binti_Jamvi

Nikazie hapo kwenye ukarabati, maana dola 35 kwa futi ni namba ya kuanzia tu na nyumba za Fort Worth na Dallas zina maradhi yake.

Udongo wa huku ni mfinyanzi unaovimba mvua ikinyesha na kusinyaa jua likiwaka. Jamvi la zege, yaani sakafu nzito ambayo nyumba imekaa juu yake, linapinda. Dalili: ufa wa mshazari unaoanzia kona ya mlango au dirisha, milango ya ndani inayogoma kufungika, tofali za nje zilizopasuka kwa ngazi. Tembea na goroli mfukoni uiweke sakafuni uone inakimbilia wapi. Kuinua msingi kwa nguzo za chini kunaweza kuhitaji nguzo 15 hadi 30, na bei ya kila moja ni mamia ya dola, wakati mwingine zaidi ya elfu.

La pili ndilo linalosahaulika. Nyumba nyingi zilizojengwa kabla ya katikati ya miaka ya 1970 zina mabomba ya majitaka ya chuma yaliyozikwa chini ya jamvi, na chuma hicho kimeshaoza. Msingi ukiinuliwa, bomba bovu linavunjika kabisa. Mnunuzi mzoefu ataomba kipimo cha maji ya kusimama kwenye mabomba: yanajazwa maji kuona kama yanavuja. Wewe huna haja ya kukilipia, ila ukiona nyumba ya 1962 yenye msingi uliokwishainuliwa, weka dola elfu kadhaa pembeni kwa ajili ya bomba kabla hujataja bei.

Tazama pia umri wa paa, kiyoyozi (lebo ya kifaa cha nje ina mwaka wa kutengenezwa), nyaya za alumini kwenye nyumba za takriban 1965 hadi 1973, na boksi la umeme la Federal Pacific, ambalo kampuni za bima hulikataa. Jikoni na bafu ndivyo vinavyotisha macho, lakini ni gharama inayojulikana. Pesa za mnunuzi huliwa na vile visivyoonekana.

Piga picha 40, si nane. Boksi la umeme, chini ya sinki, dari zote, kila upande wa nje, kifaa cha kiyoyozi. Mnunuzi anayekuja kuona kitu ambacho picha ilikificha hushusha bei kwa zaidi ya gharama ya kitu chenyewe.

Mtoka_Tanga

Asanteni sana. Mkuu Hesabu umenifungua macho kwa ile asilimia 30. Dada Binti, goroli nanunua leo.

Sasa mkataba. Nikishakubaliana na mwenye nyumba natumia karatasi gani, na zile dola 4,000 zinaingia wapi? Nikikosa mnunuzi je?

Karani_wa_Hati

Kaka, tumia fomu ya Tume ya Mali ya Texas, TREC, ile ya nyumba za familia moja hadi nne zinazouzwa tena. Ipo bure kwenye tovuti yao. Wapo wanaotumia karatasi ya ukurasa mmoja waliyoipakua mahali. Kampuni ya hati, ile inayopekua umiliki na kushika fedha hadi mauzo yafungwe, ikiiona hunusa tabu, na mwanasheria wa muuzaji ataitoboa. Kwenye jina la mnunuzi andika lako au la kampuni yako, ongeza "na/au atakayehamishiwa mkataba". Kwenye masharti maalumu weka ile taarifa aliyosema mkuu hapo juu, pamoja na ruhusa ya kuingia nyumbani na wakaguzi na washirika wako kwa miadi. Bila ruhusa hiyo utashindwa kumwonyesha mnunuzi nyumba.

Pesa zinazotoka ni mbili. Ya kwanza ni arubuni, kishika uchumba kama tunavyosema nyumbani, ambayo hukaa kwa kampuni ya hati. Nyumba za namna hii muuzaji hukubali dola 500 hadi 1,000, mara nyingine 100. Usimkabidhi muuzaji mkononi. Ya pili ni ada ya hiari, dola 100 hadi 200, inayokununulia siku za kuvunja mkataba kwa sababu yoyote au bila sababu. Omba siku 10, ukubali saba.

Hapa sikiliza vizuri: fedha hizo zote mbili lazima ziifikie kampuni ya hati ndani ya siku 3 tangu tarehe ya mkataba kuanza kazi. Siku ya mwisho ikiangukia wikiendi au sikukuu, inasogea hadi siku ya kazi inayofuata. Ada ya hiari ikichelewa, haki ya kuvunja mkataba haipo tena, hata kama umeandika siku 10. Na muda wa hiari unaisha saa 11 jioni ya siku ya mwisho, si usiku wa manane. Ukituma barua ya kuvunja saa 12, arubuni yako iko mashakani.

Kwa hiyo jibu la "nikikosa mnunuzi je" ni hili: unajua kabla ya saa 11 jioni ya siku ya saba au ya kumi. Una mnunuzi aliyesaini na kuweka arubuni yake, au unamwandikia muuzaji barua ya kusitisha na kumwomba radhi kwa heshima. Kumshikilia mtu mwezi mzima ukitumaini atatokea mtu ni kumwumiza, hasa kama nyumba yake iko njiani kupigwa mnada. Kuna watu huenda kusajili waraka kaunti ili mwenye nyumba ashindwe kumuuzia mtu mwingine. Ukifanya hivyo ilhali huna mnunuzi, jiandae kwa mwanasheria.

Mkataba ukisainiwa, upeleke kampuni ya hati siku hiyohiyo waanze kupekua. Lakini kabla ya yote zipigie simu kampuni tatu uwaulize jambo moja: mnakubali kufunga mauzo ya mkataba uliohamishwa? Wengine hawataki kabisa, na hilo si jambo la kugundua siku mbili kabla ya kufunga.

Upekuzi huibua mambo. Kodi za nyuma: hapa kodi ya mwaka inatakiwa ilipwe hadi 31 Januari, kuanzia Februari adhabu na riba zinapanda kila mwezi, na ikifika Julai gharama za mwanasheria zinaongezwa hadi asilimia 20. Mzee wa miaka 65 au zaidi anaweza kuwa aliahirisha kodi kihalali kwa miaka mingi. Deni hilo linakua kwa asilimia 5 kwa mwaka na linalipwa nyumba inapouzwa. Utakuta mzee anadhani nyumba haina deni, kumbe kuna 30,000. Hilo likijulikana baada ya kukubaliana bei, dili linakufa.

Jingine ni ndoa. Texas, nyumba ya makazi ya familia haiuzwi bila sahihi ya mume na mke wote, hata kama jina kwenye hati ni moja. Wametengana miaka tisa bila talaka? Bado sahihi inahitajika. Uliza swali hilo kwenye simu ya kwanza.

Mzee_wa_Mnada

Vijana mmesema vizuri. Mimi niingie kwenye kuwapata wauzaji, nikimkumbusha mwuliza swali kwamba 4,000 ni ndogo kwa matangazo na kubwa kwa miguu. Tumia miguu.

Chagua mitaa miwili, isizidi. Endesha gari polepole asubuhi: majani marefu, barua zimejaa kisandukuni, turubai juu ya paa, notisi ya jiji mlangoni. Andika anwani, rudi nyumbani, ingia tovuti ya Tarrant Appraisal District. Bure kabisa. Inakupa jina la mmiliki na anwani anakopokelea barua. Anwani ya barua ikiwa tofauti na ya nyumba, na msamaha wa kodi wa makazi haupo, huyo haishi hapo. Huyo ndiye wa kuandikiwa kwanza.

Barua ya mkono yenye aya mbili inatosha. Jina lako, namba ya simu, kwamba ungependa kununua nyumba ya mtaa fulani namba fulani, na kwamba wewe si wakala. Usiandike bei. Barua 50 kwa wiki kwa mwezi mzima ni bahasha na stempu zisizozidi dola 250, hata ukiweka na karatasi. Tuma kwa watu walewale tena baada ya wiki sita. Wengi hujibu barua ya pili au ya tatu, maana hali yao ndiyo hubadilika.

Kundi la pili ni mirathi. Baba amefariki, watoto watano wapo majimbo matatu, nyumba inakaliwa na mpwa asiyelipa kitu. Hapa bei huwa nzuri na kichwa huuma. Kama hapakuwa na wosia wala kesi ya mirathi, kampuni ya hati inaweza kukubali hati ya kiapo ya urithi, yenye mashahidi wawili wasio na maslahi wanaoijua familia. Kila mrithi lazima asaini. Mmoja akigoma, au yuko gerezani, au hajulikani alipo, una miezi ya kusubiri. Mkataba uliosainiwa na kaka mkubwa peke yake hauna nguvu kwa wengine.

La tatu ni walio njiani kupigwa mnada na benki. Texas mnada ni Jumanne ya kwanza ya kila mwezi, kati ya saa 4 asubuhi na saa 10 jioni, na notisi inabandikwa na kuwekwa kwa karani wa kaunti angalau siku 21 kabla. Hesabu mwenyewe: ukimpata mtu siku ya tano baada ya notisi, una siku 16 za kufunga kila kitu. Mwanzoni sikushauri kuwagusa. Kama bado anaweza kuongea na benki au kumpata mshauri wa nyumba aliyeidhinishwa na HUD, wizara ya nyumba ya Marekani, mwambie afanye hivyo kwanza.

Simu za kubahatisha na ujumbe wa kutuma kwa mamia, achana navyo. Sheria ya shirikisho ya simu, TCPA, inampa aliyepigiwa haki ya kudai hadi dola 500 kwa kila simu au ujumbe, na hadi 1,500 kama ulifanya kwa makusudi. Wapo wanaoijua sheria hiyo kuliko wewe, na wanaisubiri namba yako kwa hamu.

Ila nenda kwenye huo mnada wa Jumanne ukaangalie, huna haja ya kununua. Wanaopandisha bei pale wana pesa taslimu. Hao ndio wanunuzi wako.

Hesabu_Kwanza

Hapo kwa wanunuzi naungana na mzee, na ningesema waanze hao kabla ya barua ya kwanza kutumwa. Ongea na wanunuzi watano. Uliza: unanunua mitaa ipi, nyumba za miaka gani, msingi mbovu unaugusa au hauugusi, unahesabu kwa asilimia ngapi, na mara ya mwisho umenunua ipi? Swali la mwisho linatenganisha wanunuzi na waongeaji.

Dalali_Mstaafu

Napingana kidogo na hiyo 70 mnayoichukua kama msahafu. Mitaa inayogombewa, ambako nyumba iliyokarabatiwa inauzwa ndani ya wiki mbili, wanunuzi wanafika 75 hata 80, hasa wanaoshika nyumba kwa kupangisha. Ukishikilia 70 utashindwa kila ofa. Na kinyume chake, nyumba ambayo thamani yake ya mwisho ni 110,000 haivumilii hata 70, kwa sababu kiyoyozi na paa havipungui bei kwa vile mtaa ni wa hali ya chini. Huko nenda 60 hadi 65.

Jingine: tahadhari na mnyororo. Utampelekea "mnunuzi" mkataba wako, kumbe naye ni wa holseli kama wewe, anauongezea 8,000 na kuusambaza kwa mwingine anayeongeza 5,000. Mnunuzi halisi anapouona bei imeshakufa, na muda wako wa hiari umeisha. Kinga ni mbili. Omba taarifa ya benki ya karibuni au barua ya mkopeshaji kama uthibitisho wa fedha. Kisha kwenye waraka wa kuhamisha mkataba mtoze arubuni isiyorudishwa ya dola 3,000 hadi 5,000, ikae kwa kampuni ya hati ndani ya saa 24. Mwenye maneno matupu hukimbia hapo.

Na maelekezo ya kutuma fedha yakikujia kwa barua pepe, ipigie simu kampuni ya hati kwa namba uliyoijua tangu mwanzo, si iliyoandikwa kwenye barua hiyo. Matapeli huingilia barua pepe siku chache kabla ya kufunga na kubadilisha akaunti.

Karani_wa_Hati

Kweli kabisa hilo la mwisho. Fedha ikishatumwa kwa akaunti ya tapeli, ukichelewa hata siku moja kuripoti benki, kuipata tena ni bahati.

Nyota_ya_Kisumu

Samahani kuingilia. Mimi niko hapa kwa viza ya mwanafunzi, F-1. Naweza kufanya hii kwa jina la kampuni?

Hesabu_Kwanza

Ndugu, usiguse. Kufungua LLC, yaani kampuni ya dhima yenye ukomo, peke yake si tatizo, Texas ni dola 300 kwa ofisi ya katibu wa jimbo. Tatizo ni kazi yenyewe. Kutafuta wauzaji, kujadiliana na kuhamisha mikataba ni kufanya kazi bila kibali, na kampuni kuwa na jina lako hakubadilishi kitu. Viza ya kazi ya H-1B ni hivyohivyo, maana unaruhusiwa kumfanyia kazi mwajiri aliyekuombea tu. Mwenye grini kadi, au kibali cha kazi kinachotokana na ombi la hifadhi, hana shida hiyo. Kabla ya hatua yoyote ongea na mwanasheria wa uhamiaji.

Na kwa aliyeuliza mwanzo: ada ya kuhamisha mkataba ni mapato ya kawaida ya biashara. Texas haina kodi ya mapato ya jimbo, lakini ya shirikisho ipo, na juu yake kodi ya kujiajiri ya asilimia 15.3. Katika ada ya 10,000, tenga 2,500 hadi 3,000 siku ileile inapoingia. Malipo ya robo mwaka ni 15 Aprili, 15 Juni, 15 Septemba na 15 Januari.

Nyota_ya_Kisumu

Asante, umeniokoa. Na nyumbani je? Nairobi au Dar mtu anaweza kufanya mfumo huu?

Dalali_Mstaafu

Kwa shida. Kenya desturi ni asilimia 10 mezani wakati wa kusaini na siku 90 za kukamilisha, kwa hiyo arubuni ya dola 100 haipo. Shamba linahitaji kibali cha bodi ya ardhi, kinachoombwa ndani ya miezi sita, ushuru wa stempu ni asilimia 4 mjini na 2 mashambani, na udalali unahitaji usajili wa bodi ya mawakala wa nyumba. Tanzania ardhi yote ni ya umma, unachohamisha ni haki ya kumiliki, na uhamisho unapita kwa kamishna wa ardhi. Nchi zote mbili ridhaa ya mume au mke kwenye nyumba ya ndoa ni lazima. Na kikubwa zaidi, huko hakuna jopo la wanunuzi waliokaa na pesa wakisubiri nyumba mbovu. Watu wananunua kiwanja wajenge.

Mtoka_Tanga

Swali la mwisho kabla sijaanza na barua. Siku ya kufunga, muuzaji ataona kwenye karatasi kwamba mimi nachukua 10,000? Akichukia akakataa kusaini?

Karani_wa_Hati

Ataona, maana ada ya kuhamisha huandikwa kwenye taarifa ya malipo. Ndiyo sababu ya kumwambia tangu mwanzo kwamba utapata faida. Ada ya 5,000 hadi 10,000 kwa nyumba ya bei hiyo kwa kawaida haimshtui aliyeelezwa. Ikifika 30,000, wengi hufunga mara mbili: unanunua wewe kwanza, kisha unamuuzia wa pili siku hiyohiyo. Kila mauzo yana taarifa yake, lakini gharama za kufunga unalipa mara mbili, na kampuni nyingi za hati hazikubali pesa ya mnunuzi wa pili ilipie mauzo ya kwanza. Utahitaji mkopo wa siku moja, ambao huchukua asilimia 1 hadi 2.

Angalia pia mnunuzi wa mwisho ni nani. Anayetumia mkopo wa FHA, wenye bima ya serikali ya shirikisho, hawezi kununua nyumba kwa mtu aliyeimiliki chini ya siku 90, kwa hiyo kufunga mara mbili na mnunuzi wa namna hiyo haiwezekani. Nyumba za HUD na nyingi za benki nazo mkataba wake hauhamishiki, kwa hiyo usizipotezee barua.

Kwa dili lako la kwanza, weka ada ndogo, hamisha mkataba kawaida, na umpigie muuzaji simu siku mbili kabla ya kufunga umsomee namba zake: atapokea ngapi mkononi baada ya kodi, deni na gharama zote. Hiyo ndiyo namba anayoijali.

Mzee_wa_Mnada

Na umwulize kama ana pa kuhamia. Mpe siku saba hadi 14 baada ya kufunga, ziandikwe kwenye mkataba, mnunuzi wako ajue mapema. Dili zimevunjika kwa ajili ya makochi na friji zilizokosa pa kwenda.